Kabla ya Kulima: Mwongozo wa Kulinda Makao ya Nyuki wa Mwituni Magharibi mwa Kenya

Miongozo mingi ya kulinda nyuki wa mwituni imeandikwa Ulaya na Marekani, na inamhusu zaidi yule nyuki mnene mwenye manyoya wa jenasi ya Bombus. Malkia wake hujificha ardhini majira yote ya baridi, huamka peke yake baridi inapopungua, hutafuta shimo lililoachwa na panya au kichaka cha nyasi ndefu zilizolaliana, na humo huanzisha jamii ambayo hufa yote kabla ya baridi kurudi, isipokuwa malkia wapya. Ndiyo maana wakulima wa Uingereza hushauriwa kuacha nyasi za mipakani bila kuzikata. Ushauri huo unawafaa wao. Hata hivyo, Bombus hapatikani kiasili kusini mwa Sahara, na yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kwenye maua ya karakara kule Bungoma au Molo, ambaye picha za mtandaoni zimewafanya wengi wamdhanie kuwa ndiye, ni nyuki seremala wa jenasi ya Xylocopa. Huyu hana haja na shimo la panya. Anachotaka ni mti mkavu.

Mkulima wa Vihiga, Siaya au Nakuru anayetaka kuwalinda nyuki wa mwituni hana budi basi kuanza na hali ya kwetu: ni nyuki gani wanaoishi hapa, wanajenga wapi, na ni kazi gani ya shamba inayowabomolea. Kwa maoni yangu tumehangaika mno na maua na mizinga, tukayasahau makao. Maua hurudi wiki chache baada ya mvua kunyesha, lakini mti wenye uvungu wa kutosha kubeba jamii ya nyuki huchukua miongo kadhaa kupatikana, na mtu mwenye msumeno wa mashine huuangusha kabla ya chai ya saa nne.

Hatua ya kwanza: Jua nani anaishi wapi

Katika msitu wa Kakamega na mashamba yanayouzunguka, watafiti wamerekodi zaidi ya spishi 200 za nyuki. Wengi wao hawatengenezi asali ya kuvunwa wala hawaishi kwa jamii. Kila jike hujenga peke yake, huweka chavua iliyochanganywa na nekta ndani ya chumba kidogo, hutaga yai moja juu yake, hukifunga, kisha huanza kingine. Huhitaji kuwajua wote kwa majina. Kwa kazi ya shamba inatosha kuwagawa kwa aina ya nyumba.

Kundi la kwanza ni la wachimba ardhi. Hawa hutoboa udongo ulio wazi, kingo za mitaro, njia za miguu zilizokanyagwa, na kuta za mashimo ya zamani. Kundi la pili ni la watumiao mti mkavu na mashina: nyuki seremala wanaotoboa wenyewe, nyuki wadogo weusi wenye mng'ao wanaoingia katika mashina yenye moyo laini, na wakata majani wanaopanga vipande vya majani ndani ya matundu yaliyoachwa na bungua. Kundi la tatu ni la nyuki wadogo wasiouma, ambao huishi kwa jamii zenye malkia na hukaa katika uvungu wa miti, ndani ya vichuguu, au katika kuta za nyumba za udongo. La nne ni nyuki wa asali tunaowafahamu sote, ambao nao wakiwa mwituni hukaa zaidi kwenye uvungu wa miti mikubwa na nyufa za miamba.

Makundi haya yana kazi tofauti shambani, na ndiyo sababu mizinga peke yake haitoshi. Maua ya nyanya na biringanya huficha chavua ndani ya vifuko vinavyofunguka kwa tundu dogo nchani, na nyuki anayeitoa vizuri ni yule anayelishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa hadi chavua imwagike. Nyuki seremala hufanya hivyo, na wale wachimba ardhi wenye mistari ya buluu tumboni wa jenasi ya Amegilla hufanya hivyo pia. Nyuki wa asali hawezi. Karakara ya manjano haijichavushi yenyewe, na ua lake ni kubwa mno kiasi kwamba nyuki mdogo huingia, akanywa na kutoka bila kugusa sehemu inayotakiwa.

Hatua ya pili: Tembea shamba lako kwa macho ya chini

Fanya matembezi mawili. La kwanza liwe Januari au Februari, kabla ya kulima kwa ajili ya mvua ndefu, na lengo lake ni kuona miti, nguzo, vichuguu na kuta. La pili liwe baada ya maharagwe kuanza kutoa maua, kwa kuwa wachimba ardhi wengi hutoka na kujenga mvua inapolainisha udongo na maua yanapokuwepo. Chagua siku yenye jua, kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, na uende polepole.

Ardhini tafuta tundu la mviringo, lenye upana wa risasi ya penseli hadi upana wa penseli nzima, ambalo pembeni yake pana kilima kidogo cha udongo uliovunjika chembechembe. Matundu ya siafu na sisimizi huwa na msafara. Tundu la nyuki huwa na mwenyewe mmoja. Chuchumaa hatua mbili kutoka hapo, hakikisha kivuli chako hakiliangukii, usubiri. Jike akirudi utamwona miguu yake ya nyuma imejaa unga wa manjano au wa rangi ya maziwa, atazunguka mara moja au mbili akitambua alama za mahali pake, kisha ataingia moja kwa moja bila kusita. Ukiona nyuki anayeelea juu ya matundu mengi bila chavua yoyote miguuni, huyo huenda ni mwizi anayetaga katika vyumba vya wenzake, na kuwepo kwake ni dalili nzuri kwamba pana makao mengi karibu.

Kwenye mbao tafuta tundu la mviringo lililochongwa vizuri, lenye upana wa kidole kidogo, na chini yake unga wa mbao mkavu. Tundu la nyuki seremala huingia moja kwa moja kwa urefu mfupi kisha hukunja na kufuata urefu wa mti. Unga huo hauliwi, bali hutupwa nje, na sehemu yake hutumika kutenga vyumba. Kwa hiyo nyuki huyu si mdudu wa kulinganishwa na mchwa. Dume wake, ambaye mara nyingi ana rangi ya manjano au kahawia tofauti kabisa na jike, hulinda eneo lake kwa kuwaelea watu usoni, jambo linalowatisha watoto na hata wakubwa, lakini dume hana mwiba. Jike anao, ila haumi mpaka ashikwe.

Kwenye ukuta wa udongo, shina la mti au kichuguu, tafuta mrija mdogo wa nta na utomvu unaochomoza, na ndani ya mdomo wake vichwa vidogo vya walinzi. Kwa spishi ndogo zaidi, Hypotrigona, nyuki mwenyewe ana milimita 2 hadi 3 tu, na watu wengi humdhania kuwa ni kisubi anapowaingia machoni kutafuta jasho.

Hatua ya tatu: Chora na uweke alama

Chukua karatasi, chora mipaka ya shamba, kisha andika kila ulipoona makao na tarehe. Funga kitambaa kwenye mti au pigilia kijiti ardhini. Kazi hii ni fupi lakini usiiruke, kwa sababu anayelima si lazima awe ndiye aliyetembea.

Hatua ya nne: Linda udongo ambao hauguswi

Jembe la mkono huingia sentimita 15 hadi 20, na plau ya trekta huenda chini zaidi. Vyumba vya wachimba ardhi wengi vimo katika kina hichohicho, na vinapopinduliwa chavua huoza na majana, yaani watoto wa nyuki, hufa au kuliwa na ndege wanaolifuata trekta. Huwezi kuacha kulima, na hakuna anayekuomba uache. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba katika kila shamba pana vipande ambavyo havilimwi mwaka hadi mwaka, vilivyo wazi kwa jua na visivyotuamisha maji.

Mahali pazuri zaidi katika mashamba yetu ya mteremko, kwa mfano Maragoli, Kisii au miinuko ya Nandi, ni matuta ya fanya juu, yale ya kuzuia mmomonyoko yanayojengwa kwa kurusha udongo wa mtaro upande wa juu. Tuta limeinuliwa, maji hayasimami juu yake, na tayari halilimwi. Kwa kawaida hupandwa majani ya napia kutoka mwanzo hadi mwisho, nayo napia hufunika udongo wote. Acha mita mbili au tatu za tuta bila napia kila baada ya umbali fulani, upande unaopigwa na jua la asubuhi, na ung'oe nyasi hapo kwa mkono mara moja au mbili kwa mwaka. Usiache mapengo hayo pale ambapo tuta ni dhaifu au mkondo wa maji unalielemea, kwa kuwa tuta likibomoka umepoteza udongo na nyuki kwa pamoja.

Matandazo nayo yanahitaji busara. Afisa wa kilimo atakushauri ufunike udongo kwa mabua na majani makavu, na kwa upande wa unyevu na mmomonyoko yuko sahihi kabisa. Lakini mchimba ardhi hawezi kupenya tabaka nene la matandazo. Funika shamba, uache kingo. Wala usitandaze kwenye njia za miguu, ambazo kwa uzoefu wa mashamba mengi ndizo huwa na matundu mengi kuliko mahali pengine popote.

Katika nyanda za Kano, udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka wakati wa kiangazi na hujaa maji wakati wa mvua, na mafuriko ya Nyando hufunika mashamba kwa siku nyingi. Huko usipoteze muda kutafuta matundu katikati ya shamba. Angalia sehemu zilizoinuka: kingo za mifereji, misingi ya nyumba za zamani, vichuguu, na tuta la barabara. Katika Nakuru hali ni kinyume, kwani udongo wa volkano ni mwepesi na hupitisha maji, nyuki huchimba kwa urahisi karibu kila mahali, na adui mkubwa ni makorongo yanayokatwa na mvua pamoja na mashamba makubwa yanayolimwa hadi ukingoni mwa barabara.

Sasa mashimo ya matofali. Magharibi yote inachimbwa kwa ajili ya matofali ya kuchoma, na shimo likishachimbwa huachwa hivyo. Uchimbaji wenyewe huharibu makao, hilo halina ubishi, lakini ukuta wa wima unaobaki, ukiwa umeelekea mashariki na kukingwa na mvua ya upande, baada ya muda huweza kujaa matundu ya Amegilla na jamaa zake. Ikiwa unalo shimo la namna hiyo, usilifukie lote na usisawazishe kuta zote. Zungushia uzio upande wenye hatari kwa watoto na ng'ombe, geuza sehemu ya chini kuwa ya mboji ukipenda, na uache ukuta mmoja usimame.

Hatua ya tano: Usiondoe kila mti mkavu

Mti uliokauka ni kuni, na kuni ni pesa. Mwongozo usiolikubali hilo hautasomwa na mtu. Ninachopendekeza ni hesabu tofauti kidogo. Matawi membamba na vigogo visivyo na matundu viende jikoni. Gogo lenye matundu ya nyuki seremala, au tawi nene lililokauka mtini mahali pasipohatarisha nyumba wala njia, libaki. Ikiwa huwezi kuliacha lilipo, likate kwa urefu wa mita moja hivi, ulifunge chini ya upenu wa ghala au banda la ng'ombe likiwa limelala, mahali pasipofikiwa na mvua, nao watalitumia tena na tena, kwa kuwa jike wa kizazi kipya mara nyingi huendeleza mfereji wa mama yake badala ya kuanza upya.

Wakulima wa karakara wana nafasi ya pekee hapa. Nguzo za kutambazia hubadilishwa baada ya miaka michache, na ile iliyotobolewa ndiyo ya kwanza kutupwa motoni. Simamisha nguzo mpya kando ya ile ya zamani, hamisha waya, na uiache ya zamani bila mzigo hadi ianguke yenyewe.

Wanapotoboa kombamoyo za nyumba, kuwaua hakumalizi tatizo, kwa kuwa wengine watakuja kwa sababu ileile: mbao ni kavu, iko uchi na imekingwa na mvua. Paka rangi ya mafuta au vanishi mbao zote zilizo wazi, tundika gogo laini lisilopakwa kitu umbali wa mita chache, na uzibe tundu la zamani pale tu unapokuwa na hakika halina mtu, yaani baada ya siku kadhaa za kutoona unga mpya wala nyuki anayeingia.

Hatua ya sita: Wape nyuki wadogo wasiouma uangalizi wa kwanza

Hili ndilo kundi ninaloona liko katika hatari kubwa zaidi katika mashamba ya kawaida, na sababu iko katika maumbile yao. Nyuki wa asali akibomolewa, malkia anaweza kuruka na kundi lake kwenda kwingine. Malkia wa nyuki wasiouma akishaanza kutaga, tumbo lake huvimba na hawezi tena kuruka. Kwa hiyo makao yakipasuliwa, jamii nzima huishia hapo. Zaidi ya hayo, hawatoi kundi linalokwenda mbali kutafuta makazi: wafanyakazi hutafuta uvungu mwingine jirani, hubeba nta, utomvu na chakula kutoka nyumba ya mama kwa siku nyingi, kisha ndipo malkia kijana huhamia. Binti hujenga karibu na mama kwa sababu vifaa hutoka kwa mama. Kijiji kikipoteza makao yake yote ya nyuki hawa, usitarajie warudi haraka kutoka msitu ulio kilomita nyingi kutoka hapo, hata ukipanda maua ya kila rangi.

Meliponula bocandei hukaa katika uvungu wa miti, na huvunwa kwa kukata mti au kupasua shina, kwa kuwa asali yao hutafutwa kama dawa ya kifua. Meliponula lendliana na Plebeina hukaa chini ya ardhi, mara nyingi ndani ya vichuguu vilivyohamwa na mchwa. Hypotrigona hupenda nyufa za miti na kuta za udongo. Kila moja ya nyumba hizo inapungua. Miti ya zamani kama mivule na mikuyu hukatwa na nafasi yake huchukuliwa na mikaratusi, ambayo hutoa maua mengi na kuwanufaisha wafugaji wa nyuki, lakini huvunwa ikiwa nguzo nyembamba, kabla haijawahi kuwa na uvungu wowote. Vichuguu husawazishwa kwa ajili ya trekta, au huchimbwa kwa udongo wa kukandika na kufyatulia matofali. Na kuta za udongo zinabomolewa ili nyumba ya matofali isimame. Maendeleo hayo hakuna mwenye haki ya kuyalaumu.

Fanya hivi. Kabla ya kuchimba kichuguu, kikague pande zote kwa nusu saa siku ya jua, ukitafuta mrija. Ukiuona, chimba udongo upande wa pili na uache angalau nusu ya kichuguu pamoja na kilele chake. Watu wa nyumbani wanaofukua kumbikumbi waonyeshwe mahali penyewe kwa kidole, si kwa maelezo ya mdomo tu.

Unapobomoa nyumba ya udongo, tafuta miingilio kwanza, hasa karibu na fremu za milango na nguzo za pembeni. Jioni, nyuki wakisharudi, ziba mdomo wa mrija kwa wavu mwembamba, kata kipande cha ukuta kwa upana wa kutosha pande zote, pamoja na fito zake, ukibebe kikiwa wima kama kilivyokuwa, na ukiegemeze chini ya upenu mwingine palepale bomani. Ondoa wavu kabla ya jua kuchomoza. Vyungu vya asali vikipasuka sisimizi watafika usiku uleule, kwa hiyo simamisha kipande hicho juu ya vigingi vilivyopakwa grisi na ufute asali yote iliyomwagika.

Mti ukianguka ukiwa na jamii ndani, kata gogo mbali juu na chini ya kiingilio, ziba ncha kwa udongo, lisimamishe kivulini mahali palepale au karibu sana. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimewafunza wakazi wa kando ya msitu wa Kakamega kuwafuga nyuki hawa katika mizinga midogo ya mbao inayowezesha kuvuna asali bila kugusa majana. Ikiwa jirani yako amepata mafunzo hayo, muite yeye badala ya kujaribu mwenyewe kuhamisha majana kutoka gogoni hadi sandukuni. Na ukikuta uvungu una nyuki wa asali badala ya hawa, ondoka taratibu na umtafute mfugaji mwenye mavazi na kifuka moshi.

Hatua ya saba: Kata ua wa mpakani kwa awamu, na uudhibiti moto

Ua wa tithonia, lantana au mtupa ni nyumba na jiko kwa pamoja. Shina la tithonia lina moyo mweupe laini, na likikatwa likabaki limesimama na kukauka, nyuki wadogo hupenya kupitia ncha iliyokatwa. Tatizo ni kukata ua wote siku moja, karibu na ardhi, kisha kuchoma mabaki. Ugawe ua mara tatu, ukate theluthi moja kila msimu, na uache visiki vya urefu wa kiuno. Matawi uliyokata yalaze kando ya ua kwa wiki kadhaa kabla ya kuyafanya mbolea ya kijani, ili waliomo wapate kutoka. Majani mabichi unaweza kuyapukuta na kuyatumia mara moja.

Kuhusu moto: joto la moto wa nyasi unaopita haraka haliingii chini sana ardhini, kwa hiyo wachimba ardhi wengi hunusurika, lakini kila kilicho ndani ya shina, gogo na ukuta wa nyasi huteketea, na walionusurika hutoka wakakuta hakuna maua. Mwezi wa Februari, mashamba ya mlima mzima yanapochomwa katika wiki mbili, madhara hayo hukutana. Ikiwa ni lazima uchome, kusanya mabaki mahali pamoja katikati ya shamba mbali na mipaka, uchome lundo badala ya eneo. Katika mashamba ya miwa ya Muhoroni na Mumias, ambako wakati mwingine miwa huchomwa kabla ya kuvunwa, ukanda wa nyasi kati ya vitalu ndio unaobaki wa kuokolewa, na kuukata kabla ya siku ya moto ili usishike ni kazi inayolinda pia miwa ya jirani.

Hatua ya nane: Dawa

Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka wa 2017, bomba la kunyunyizia limekuwa kifaa cha kila boma. Nyunyiza jioni baada ya saa kumi na moja, nyuki wakisharudi makwao, na elekeza dawa ndani ya moyo wa mhindi ambamo kiwavi amejificha, si juu ya shamba zima. Usinyunyize maharagwe, malenge au nyanya zikiwa na maua. Dawa za kundi la neonikotinoidi huingia ndani ya mmea na kufika hadi kwenye chavua na nekta, kwa hiyo saa ya kunyunyiza haisaidii sana. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya tatu kati ya hizo nje ya vibanda vya kupandia mimea vilivyofungwa mwaka wa 2018. Soma karatasi ya kopo, uhakikishe dawa imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu na magugu, na utafute onyo kuhusu nyuki.

Watu wa Molo wataniambia kwamba wao hutumia pareto, na pareto ni ua la asili. Ni kweli, na huvunjika upesi juani, lakini siku inapopulizwa humuua nyuki sawasawa na inavyomuua mbu. Kanuni ya jioni inaihusu pia.

Wachimba ardhi wana hatari nyingine ambayo haisemwi sana: dawa inayomwagwa au kuchanganywa kwenye udongo huwafikia vyumbani. Usisafishie bomba kando ya tuta uliloliacha kwa ajili yao, na usipulize dawa ya kuua magugu kwenye mipaka kwa sababu tu unataka ionekane safi.

Hatua ya tisa: Ongeza makao ya kutengenezwa

Makao ya kutengenezwa ni nyongeza, hayachukui nafasi ya yaliyotangulia. Kata matete makavu ya kando ya ziwa kwa urefu wa sentimita 15 hadi 20, kila moja likiwa na fundo upande mmoja ili lisipenye, na tundu lenye upana wa milimita 4 hadi 10. Yafunge ishirini au thelathini pamoja, ncha wazi zielekee mashariki, na uyaning'inize chini ya upenu kwa waya uliopakwa grisi. Yasining'inie yakibembea na upepo. Ukiona ncha zimezibwa kwa udongo au kwa vipande vya majani, wenyeji wamefika. Matete yaliyotumika misimu miwili yatupwe baada ya waliomo kutoka, kwa kuwa vimelea hujilimbikiza, na kuweka mapya hakugharimu kitu.

Kwa wachimba ardhi, fyatua matofali mabichi kwa udongo wenye mchanga kidogo, yatoboe kwa penseli kabla hayajakauka, uyapange kama ukuta mfupi chini ya paa. Usiyachome.

Hatua ya kumi: Shamba la kukodisha na trekta la kukodi

Sehemu kubwa ya ardhi yetu hulimwa na mtu asiye mwenyewe. Mwenye shamba yuko Nairobi, aliyekodi analima misimu miwili kisha anaondoka, na dereva wa trekta hulipwa kwa ekari, kwa hiyo kila kichuguu na kila gogo humpunguzia kasi. Hapo ndipo makao yaliyodumu miaka ishirini hupotea asubuhi moja, bila ya mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mpe aliyekodi nakala ya mchoro wa hatua ya tatu, na muandike katika mkataba wa kukodisha, kwa sentensi moja tu, kwamba sehemu zilizowekwa alama hazilimwi, hazichomwi wala hazikatwi kuni. Siku ya trekta uwepo mwenyewe au umtume mtu anayezijua alama, atangulie mbele ya dereva kwa mguu kuzunguka mipaka yote kabla injini haijawashwa, na mkubaliane malipo ya ekari nzima hata kama kipande cha kichuguu hakikulimwa, ili dereva asione kwamba kukikwepa ni hasara yake.